Punguzo la Thelathini

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani iliyobandikwa ukutani pale ofisi ya mtaa, nikapitisha kidole kutoka juu mpaka chini, sikuiona. Kwa hiyo akitokea mtu akasema, "Bibi, umenitaja," ajue amejitaja mwenyewe.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo nimeishi miaka sabini na moja.

Watu wake waligawanywa kwa rangi ya ngozi. Lakini serikali ilikuwa na adabu, haikupenda kutaja rangi hadharani. Weupe iliwaita Watu wa Asubuhi. Wa maji ya kunde iliwaita Watu wa Mchana. Na sisi weusi tukawa Watu wa Jioni. Tuliambiwa jina letu ni zuri kwa sababu jioni kuna upepo.

Sasa, utamjuaje mtu ni wa saa ngapi? Kamati ya watu kumi na wanne ilikaa miaka sita kutafuta kipimo cha kisayansi. Ilisafiri ng'ambo mara tisa. Mwisho ikarudi na kadi ya kuchagulia rangi za nyumba, ile ya duka la vifaa vya ujenzi, yenye vipande vidogo vidogo na majina chini yake. Unanyoosha mkono dirishani, karani anaushushia kadi mpaka karibu na ngozi, anatafuta kipande kinachofanana. Kukugusa hawezi. Sheria ilimkataza mpimaji kumgusa mpimwa, asije akaharibu matokeo. Kuanzia Mtindi mpaka Biskuti ni Asubuhi. Asali mpaka Mchanga Mbichi ni Mchana. Kuanzia Kahawa Chungu kwenda chini ni Jioni. Mimi ni Kigae cha Kale, imeandikwa kwenye cheti changu na mhuri juu yake. Marehemu mume wangu alikuwa Lami.

Kadi ya dirisha letu ilining'inizwa kwa uzi juani miaka minane. Ikapauka. Kadi ikizidi kupauka, watu wanazidi kuonekana weusi, na waliokuwa Mchana mwaka jana wakajikuta Jioni bila kuhama hata kitanda. Taasisi ya Tofauti za Asili ikatoa tangazo la kuogofya redioni: Watu wa Jioni wanazaliana kwa kasi isiyo ya kawaida, na baadhi yao wanazaliwa wakiwa na umri wa miaka arobaini.

Tulicheka. Wakati ule tulikuwa bado tunacheka.

*

Hospitali yetu ilijengwa kwenye mteremko. Mlango wa Asubuhi na wa Mchana ulikuwa upande wa barabara, gari linakushusha kwenye zulia. Mlango wetu ulikuwa upande wa bondeni, na kuufikia ni ngazi mia mbili na kumi na mbili. Nimezihesabu zaidi ya mara moja. Ya tisini na nane imemeguka ukingo. Ya mia na hamsini ina alama ya kwato za mbuzi aliyepita saruji ikiwa mbichi, na ndiye pekee aliyewahi kuacha kumbukumbu pale. Bomba la upande wetu lilikuwa kavu, kwa hiyo kila mgonjwa alipanda na ndoo yake ya maji kichwani.

Mwaka mmoja Taasisi ikatuma vijana waje kupima presha za makundi yote matatu, wapate kujua kwa nini sisi tunakufa mapema. Tulifurahi. Tukasema, leo angalau mtu ameuliza. Vijana wakaweka meza ngazi ya mia mbili na kumi na mbili, juu kabisa. Kila aliyefika alifungwa mpira wa presha mkononi hapo hapo, jasho linatiririka, ndoo kichwani.

"Mwanangu," nikamwambia yule aliyenipima, "niache nitue ndoo kwanza. Moyo uko mdomoni."

"Hapana, bibi. Ukitua utabadilisha hali halisi."

"Hata nimeze mate?"

Akaandika kitu. Nikakisoma kichwa chini miguu juu: *Wanalalamika kwa asili.*

Upande wa barabara, Watu wa Asubuhi walipimwa wakiwa kwenye makochi, baada ya juisi. Nilisimuliwa na mama anayefua mapazia yao.

*

Matokeo yalitangazwa uwanjani na Profesa Makadirio, mkuu wa Taasisi, mtu mnene wa sauti na mwembamba wa shingo. Alivaa joho lenye tepe tatu, moja kwa kila kundi alilolichunguza.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Sayansi imenena, na sayansi haina shangazi wala mjomba! Tumegundua kwamba presha ya Mtu wa Jioni iko juu kwa alama thelathini kwa maumbile yake. Huo si ugonjwa! Huo ni utamaduni wa damu yake, na sisi tunaheshimu tamaduni! Kwa hiyo kuanzia leo, kila Mtu wa Jioni atakayepimwa atapunguziwa thelathini, bure! Nionyesheni serikali nyingine chini ya jua iliyowapunguzia wananchi wake maradhi kwa kalamu!"

Tulipiga makofi. Mungu atusamehe, tulisikia "punguzo", tukasikia "bure", mikono ikaenda yenyewe.

Na kweli, kufikia mwisho wa mwaka wagonjwa wa presha wa Jioni walikuwa wamepungua kwa robo tatu. Walioanguka na kufa ghafla shambani na sokoni waliandikwa kwenye daftari lingine, lenye jalada la kijani, lililoitwa *Sababu za Kijamii*. Daftari hilo lilijaa upesi, wakaongeza la pili.

*

Sasa nije kwa Zawena.

Zawena ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu, nimemlea tangu hajaota meno. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Miguu ilimvimba hata kandambili zikamkataa. Kichwa kilimgonga siku tatu mfululizo, na asubuhi ile akaniambia, "Bibi, naona vimulimuli." Nikatazama nje. Jua lilikuwa limeshapanda. Nikachukua kikapu, nikatia unga wa muhogo kilo mbili wa kumpikia uji wakimlaza, na kichupa cha mafuta ya nazi cha kumkanda mgongo. Nikabeba ndoo zote mbili, moja kichwani moja mkononi, tukapanda. Tulipumzika mara kumi na tisa.

Kwenye benchi tulimkuta Sikitu, jirani yetu wa nyumba ya tatu, mimba yake nayo ya miezi minane.

"Zawena," akasema, "hiyo miguu umeiazima kwa nani? Mrudishie mwenyewe, analia huko."

"Nimeiazima kwako, dada. Nilifikiri unayo mingine."

Sikitu akainua khanga kidogo tukaona yake. Ilikuwa hivyo hivyo. Wakacheka wote wawili, wameshika matumbo, na mimi nikacheka nikiwa sijui nacheka nini.

Mbele yetu dirishani alisimama mpagazi wa mashine ya kusaga, mtu wa Jioni kuliko hata marehemu mume wangu. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, unga umemjaa mpaka kwenye kope. Karani akashusha kadi, akatazama mkono, akatazama kadi, akaandika: Asali. Mchana. Akapewa njia ya upande wa barabara. Benchi zima liliangua kicheko.

"Nenda, baba," Sikitu akamwambia, "ukakae kwenye kochi. Usiombe maji tu, ukinawa umerudi!"

Zamu yetu ikafika. Muuguzi aliitwa Pendaeli, msichana mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Akanisalimu shikamoo, nikaitika marahaba. Akampima Zawena.

"Mia na sabini," akasema, akachukua kalamu. "Toa thelathini. Mia na arobaini. Nzuri. Nenda kapumzike nyumbani. Wanaolazwa ni kuanzia mia na sitini."

"Mwanangu, mashine imesema mia na sabini. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Mashine haijui kundi, bibi. Ndiyo maana tumepewa kalamu."

"Na vimulimuli anavyoviona?"

Akageuza ukurasa wa mwongozo, akaupitisha kidole. "Vimulimuli havina punguzo lake. Havijaandikwa. Kisichoandikwa siwezi kukiona, bibi yangu." Hakuinua uso aliposema.

Sikitu akapimwa. Mia na sabini na nne. Toa thelathini. Mia na arobaini na nne.

"Nimemshinda Zawena kwa nne," akasema, akajitwika ndoo yake tupu. "Haya, bibi, mimi nashuka taratibu. Nimeacha maharage jikoni, na wale wanangu wawili hawajui kuongeza maji."

*

Nilimshika Zawena mkono, tukakaa nyuma ya ukuta wa vyoo. Alikuwa ameinamisha kichwa magotini. Akasema, "Bibi, vimulimuli vimekuwa vingi." Mama yake alisema maneno kama hayo. Mama yake alikufa na maneno kama hayo mdomoni, na mimi nilikuwa pale, nimeshika bakuli la uji.

Nikafungua kichupa cha mafuta ya nazi, nikampaka mikono yote mpaka begani. Nikafungua unga wa muhogo. Nikampaka kwa utaratibu, kama mtu anayepaka ukuta chokaa, mkono wa kwanza, mkono wa pili, na katikati ya vidole.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nakutoa jioni, mama. Tulia."

Nilitumia nusu kilo. Kilo moja na nusu ilibaki.

Hapa nisimame kidogo, maana hapa ndipo penyewe. Kutoka pale ukutani niliziona ngazi zote mpaka chini. Sikitu alikuwa amefika ile ya tisini na nane, ameshika ukingo uliomeguka, anavuta pumzi. Ningeita, angesikia. Unga ulikuwepo. Lakini nikajisemea: wakija wawili wameng'aa kwa pamoja, hata karani kipofu atashtuka, tutafukuzwa wote. Nikafunga mfuko wa unga. Nikafunga mdomo.

Dirishani karani alikuwa anatafuna karanga. Aliitazama kadi, akautazama mkono. Uso hakuutazama, kwa kuwa uso haukuwa kwenye fomu. Akaandika: Mchanga Mbichi. Mchana.

Aliyetupokea ndani alikuwa Pendaeli yule yule, maana wauguzi walikuwa wachache kwa makundi yote. Akafunga mpira wa presha kwenye mkono wa Zawena. Unga ukamwagika mezani. Akautazama unga. Akanitazama. Nikamtazama. Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwake.

"Mia na sabini na mbili," akasema polepole. Kisha akaiweka kalamu chini. "Mchana haupunguzwi."

Akabonyeza kengele. Miaka yote ile sikujua kama hospitali ile ina kengele! Wakaja watu wanne wanakimbia, wana kitanda cha magurudumu. Wakamwingiza Zawena kwenye chumba kidogo cha chuma, nikaingia naye, mlango ukajifunga, chumba kikapanda chenyewe. Lifti. Ngazi mia mbili na kumi na mbili, na kulikuwa na lifti.

Nilikaa nje ya chumba cha upasuaji, mlango haukufungwa vizuri. Nikamsikia daktari: "Muuguzi, mikono ni ya Mchana, tumbo ni la nani hili?"

"Fomu inasema Mchana, daktari," Pendaeli akajibu. "Na fomu haikosei. Tumefundishwa."

Nikahesabu pumzi zangu, zikafika kumi na moja.

"Haya. Kisu."

Mtoto alizaliwa wa kike. Walimpima kadi kabla ya kumpima uzito. Kahawa Chungu. Daktari akaandika pembeni: *Jambo hili lichunguzwe.* Zawena alifungua macho kesho yake akaomba uji. Nikampikia kwa ule unga.

Nilirudi nyumbani siku hiyo kuchukua khanga za mtoto. Nikakuta watu wamekaa chini kwa akina Sikitu. Alikuwa amefika, ameongeza maji kwenye maharage, ameinuka kuchukua chumvi. Kifafa cha mimba kikamshika hapo hapo, mbele ya watoto. Alikata roho jana yake kabla ya saa kumi, na mtoto wake tumboni. Sufuria ilikuwa bado juu ya mafiga, maharage yameungua yakawa kitu kimoja na chuma. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuigusa. Niliiondoa mimi.

*

Siku arobaini zilipopita, tuliitwa ukumbini. Profesa Makadirio alikuwa na matokeo mapya. Nilialikwa kwa barua yenye mhuri, kama *mlezi wa mama wa Mchana aliyefanikiwa*. Zawena akaja na mtoto mgongoni. Akina mama wa benchi la Jioni wakakaa nyuma, na mama mzazi wa Sikitu katikati yao, na wajukuu zake wawili, wale watoto wa Sikitu.

"Mabibi na mabwana," akasema Profesa, joho lake sasa lina tepe ya nne, "leo nimebarikiwa! Kwa miaka mingi nimetafuta jozi kamili. Nimeipata! Wanawake wawili. Umri mmoja. Mimba za miezi ile ile. Siku moja, benchi moja, mashine moja! Mmoja wa Mchana, mia na sabini na mbili. Mmoja wa Jioni, mia na arobaini na nne, yaani mwenye afya bora kuliko mwenziwe! Na bado nani amekufa? Wa Jioni! Akiwa mzima kabisa! Sasa niambieni, kama si maumbile, ni nini?"

Watu wa viti vya mbele wakapiga makofi. Waziri akatikisa kichwa kwa huzuni nzuri.

Nikasimama. Magoti yangu yana kelele, kwa hiyo ukumbi ulisikia.

"Ni unga," nikasema.

"Bibi?"

"Kama si maumbile, ni unga wa muhogo. Nusu kilo." Nikamwinua Zawena mkono, nikaufunua mpaka begani. "Huyu ndiye Mchana wako. Hawa wote wawili ni wa Jioni. Walikuwa na miguu ya aina moja, kichwa cha aina moja, na mashine ilisema namba ambazo zinaweza kushikana mikono. Huyu nilimpaka unga, mkapiga kengele. Yule sikumpaka. Na unga nilikuwa nao, mama Sikitu, ulibaki kilo na nusu, nilikuwa nao kwenye kikapu, nikamwona akishuka nikanyamaza. Hilo ni langu, nitalijibu. Lakini hili jingine si langu."

Mama Sikitu alinitazama tu, na mpaka leo ananitazama vile vile.

Profesa hakushtuka. Alinong'ona na karani wake, kisha akanyoosha kidole juu. "Tunashukuru kwa taarifa. Kosa litasahihishwa mara moja. Mia na sabini na mbili, toa thelathini: mia na arobaini na mbili. Kumbe mjukuu wako hakuwa mgonjwa! Alipasuliwa akiwa mzima. Na mtu ambaye hakuugua hawezi kuhesabiwa kuwa amepona. Jina lake liondolewe. Kwa hiyo utafiti wetu unabaki na kielelezo kimoja tu, marehemu, na kielelezo hicho kimefuata kanuni kikamilifu!"

Wakapiga makofi tena.

"Nina swali moja," nikasema.

"Muda umekwisha, bibi."

"Ni la hesabu, la darasa la tatu. Mwalimu Yokonia alitufundisha kutoa kwa kokwa za ukwaju. Unazo kumi, unatoa tatu. Kisha anauliza: zilizobaki ngapi? Unajibu saba. Halafu anauliza tena: na zile ulizotoa ziko wapi? Hapo ndipo wengi walipochapwa. Mtoto anasema, 'Mwalimu, zimekwisha.' Anachapwa. Hakuna kilichotolewa kikaisha. Ukitoa, kiko mkononi mwa aliyetoa. Mlimtoa Sikitu thelathini. Nilikuwa pale, nilisikia. Ziko wapi?"

"Bibi, zile ni namba. Hazikai mahali."

"Zilikaa kwenye kichwa chake. Zilimuua jikoni. Mtu aliyekufa kwa mia na sabini na nne hakufa kwa mia na arobaini na nne. Kaburini tumeteremsha zote. Nauliza mwenye kuzitoa azionyeshe. Fungua mkono, baba. Tuone."

Nilimsikia mtoto wa Zawena akinyonya kidole. Kisha kutoka nyuma, mmoja wa wale watoto wa Sikitu, wa kike, wa miaka kama saba, ambaye sasa ndiye anayeongeza maji kwenye maharage kwao, akasema kwa sauti ya darasani:

"Fungua mkono."

Wanawake wa benchi wakaitikia. Si kwa kelele. Walisema kama watu wanaosoma ubao pamoja. Fungua mkono. Pendaeli alikuwa amesimama mlangoni na sare yake. Naye midomo yake ilikuwa inatembea.

Profesa Makadirio aliutazama mkono wake wa kulia, ule wa kalamu, kama aliyeletewa mkono wa mtu mwingine. Ulikuwa umekunjwa. Watu wote wakautazama. Hata waziri aliutazama.

Akautia mfukoni.

*

Nimeshasema nchi hiyo haipo, na sitaki ugomvi na mtu. Kadi haipo, ngazi hazipo, daftari la kijani halipo.

Ila sufuria ipo. Iko kwangu, nyuma ya mlango. Nimeisugua kwa mchanga na kwa majivu, na nimeikwangua kwa kijiko mpaka kijiko kimepinda, na weusi wa yale maharage haujatoka. Anayetaka kuutafiti aje. Nitamwekea kiti, nitampa maji, nitamwacha apumzike kwanza.